Sakafu Isiyo na Matundu

Zulia la gari lilipotoka, Leona Dufek alipiga magoti kwenye saruji ya gereji, akaingiza kichwa kupitia mlango wa dereva na kuipapasa sakafu ya bati kwa viganja vyote viwili, kama mtu aliyeangusha pete gizani. Alipapasa pale kiti kilipokuwa kimefungwa, akasogea mbele kuelekea kwenye pedali, akarudi nyuma. Kisha akavaa miwani na kuanza upya.

"Unatafuta nini, shemeji?" Linwood Tarver aliuliza kutoka upande wa pili wa gari, alikokuwa akifungua skrubu za mlango.

"Matundu yangu."

"Matundu gani tena?"

"Matundu manne ya kiti. Unayajua vizuri, Linwood. Ulikuwepo yalipotobolewa."

Linwood aliweka bisibisi chini, akalizunguka gari taratibu, akainama karibu naye huku amejishika goti. Alikuwa mtu mrefu, na uzee ulikuwa bado haujamfupisha.

"Aa, hayo," alisema. "Marehemu mumeo aliyaziba. Aliyachomelea."

"Lini?"

"Zamani, shemeji. Nani atakumbuka?"

Leona aliitazama sakafu. Bado ilikuwa na ile lami nyeusi ya kiwandani iliyopakwa kuzuia kelele. Ilikuwa imekauka na kupasukapasuka, lakini haikuwa na dalili ya kuguswa na moto. Mtu hawezi kuchomelea bati na lami iliyo juu yake ikabaki salama. Hilo hata yeye, aliyemalizia ujana wake wote kwenye cherehani za kiwanda cha viti, alilijua.

"Aliziba vizuri sana," alisema.

"Rudy alikuwa na mkono wa kazi," Linwood alisema, akarudi kwenye mlango wake.

Gari lenyewe lilikuwa Pontiac GTO ya mwaka 1969, ya kijani, yenye gia za mkono na injini iliyokuwa ikitikisa vioo vya jirani kila inapowashwa. Leona alilinunua kwa mshahara wake mwenyewe kabla hajaolewa, katika mji huohuo wa Pontiac lilikoundiwa, na wanaume wa kiwandani wakamcheka hadi wakachoka. Msichana mfupi kiasi kile na gari lenye nguvu kiasi kile! Ufupi ndio uliokuwa shida ya kweli. Hata kiti kikisogezwa mbele mpaka mwisho, mguu wake ulikuwa hauwezi kuikanyaga pedali ya klachi mpaka chini. Basi mzee mmoja wa kuchomelea alimtobolea matundu manne mapya sakafuni, akahamishia hapo reli za kiti, na tangu siku hiyo gari likawa lake peke yake. Mwanamume akikaa pale, magoti yalimgota kwenye usukani.

Linwood naye alikuwa na lake, la mwaka uleule na kijani kilekile. Yeye na Rudy, waliokuwa wakifunga magurudumu sehemu moja kiwandani, walikuwa hawaachani. Lakini gari la Linwood halikudumu. Alilipoteza kwenye karata, ndivyo mtaa mzima ulivyojua, na mkewe Odessa alimsimanga kwa hilo mpaka siku alipoingia kaburini.

Leona aliolewa na Rudy mwaka 1970. Mwaka 1972 akajifungua Renata kwa upasuaji uliomletea homa, akakaa kwa mama yake Bay City karibu majira yote ya joto. Aliporudi nyumbani, akakaa kwenye gari lake, mguu haukufika.

"Rudy, umegusa kiti changu?"

"Sijakigusa," Rudy alimjibu siku ile. "Mwili ndio umebadilika, mke wangu. Ukishazaa mifupa inalegea. Halafu umenenepa kidogo, unakaa nyuma zaidi."

Akamtengenezea mto mnene wa kuweka mgongoni. Akamwambia pia kwamba injini ya gari ilipasuka akiwa hayupo, na kwamba yeye na Linwood walitafuta nyingine kwenye yadi ya magari mabovu wakaifunga. Leona alikuwa na miaka ishirini na mitano, halali usiku, na maziwa yanamvuja. Angeambiwa mbingu imeshushwa kidogo, angeamini.

Mto ule aliukalia miaka yote.

Rudy alifariki majira ya baridi yaliyopita, na theluji ilipoyeyuka Leona alivuta turubai kutoka kwenye gari na kuamua kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani. Hakutaka kipande cha kuiga hata kimoja. Alitaka kabureta ya mwaka ule, vibano vya mipira ya maji vya mwaka ule, distribyuta yenye alama ya mwezi gari lilipoundwa. Alipompigia Linwood simu kumweleza, kesho yake asubuhi Linwood alikuwa mlangoni na sanduku la vifaa.

"Usimpe mtu mwingine kazi hii," alimwambia. "Mafundi wa siku hizi watakuibia vya asili wakubandikie vya kuiga, na hutajua."

Siku ile maneno hayo yalimgusa Leona mpaka akajifuta machozi. Sasa, akiwa amekaa jikoni baada ya Linwood kwenda kwake, aliyageuzageuza na hakupenda alichokiona upande wa pili. Alikumbuka kwamba Linwood alihangaika kumtafutia kila kitu, hata taa ndogo ya ndani ya boneti aliifuata Ohio kwa gari lake bovu. Lakini kila Leona alipotaja injini ya asili, Linwood alikuwa na neno. Injini hiyo imeshayeyushwa. Injini hiyo iko chini ya ziwa. Injini iliyopo ni nzuri, ya mwaka uleule, nani atafunua boneti na kusoma namba?

Na kulikuwa na jambo lingine. Ukuta wa injini, lile bati linalotenga injini na miguu ya dereva, Linwood alikuwa ameusafisha wote isipokuwa nyuma ya sanduku la hita. "Hilo niachie mimi," alisema kila mara. "Nati zake zimeshika kutu. Ukizigusa zitakatika."

Leona alimwaga kahawa iliyopoa kwenye sinki. Alikuwa ananyang'anywa kitu, alihisi, na hakujua ni kitu gani.

Hakumwambia Linwood kwamba ametangaza. Renata alimsaidia kwa simu kutoka Denver, wakaandika kwenye mtandao wa wapenzi wa magari hayo kwamba inatafutwa injini ya GTO ya 1969 yenye namba fulani, ileile iliyo kwenye kibati cha dashibodi. Leona hakutegemea kitu. Haikupita hata wiki mbili, mwanamke akapiga simu.

"Naitwa Irma Kettler, niko Marlette," sauti ilisema, kavu kama makapi. "Mpwa wangu ameona tangazo lako. Nina injini yenye namba hiyo."

"Una uhakika?"

"Mimi najua kusoma, mama. Swali langu ni wewe. Hiyo namba umeipata wapi?"

"Iko kwenye gari langu."

Mbwa alibweka upande wa pili wa simu.

"Njoo uone, basi," Irma alisema. "Njoo na kitambulisho."

Leona alimpa Linwood habari hiyo wakati wa chakula cha mchana, akiwa amemwandalia mkate wa soseji wenye haradali na vitunguu anavyoupenda. Alimtazama usoni wakati akisema, na alifanya hivyo makusudi.

"Tapeli," Linwood alisema kabla hajamaliza kutafuna.

"Hujaniuliza hata ni nani."

"Ni tapeli, sihitaji kumjua. Umeweka namba hadharani, shemeji! Wanachukua injini yoyote ya mwaka ule, wanasaga uso wa chuma, wanagonga namba yako juu. Nilishakuambia."

"Ulishaniambia. Ukanifundisha na jinsi ya kuigundua."

"Sasa, je?"

"Mwanamke huyo yuko Marlette."

Linwood alirudisha mkate kwenye sahani. Ule mkono wa kushoto, ambao kiwiko chake hakijanyooka tangu alipoanguka kutoka kwenye paa la baraza akiwa kijana, aliuvuta chini ya meza.

"Marlette mbali," alisema. "Niache niende mimi. Nikiangalia mara moja tu nitakuambia."

"Mbali? Ni mwendo wa asubuhi tu."

"Wewe pumzika. Nitakwenda Jumamosi."

"Sawa," Leona alisema. "Nenda wewe Jumamosi."

Ijumaa alfajiri alitia tochi na kioo cha kukuzia kwenye mkoba, akawasha gari lake dogo la kila siku na kuelekea kaskazini peke yake.

Shamba la Irma Kettler lilikuwa la viazisukari, limenyooka pande zote hata jicho linakosa pa kupumzikia. Irma mwenyewe, mwanamke wa rika la Leona, mwenye buti na koti la mwanamume, alisimama katikati ya njia na mbwa pembeni, wala hakuonyesha dalili ya kumpisha.

"Kitambulisho."

Leona alimpa. Irma alikisoma mbele na nyuma.

"Dufek. Na gari unalo?"

"Liko gerejini kwangu."

"Zima?"

"Tumelivua viti na zulia, lakini ni zima. Nimeliendesha tangu 1969."

"Basi mama, ama wewe muongo ama mimi nimerukwa na akili," Irma alisema. "Maana gari lenye injini hii lilikufa hapa. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nililiona kwa macho yangu likiwa limejikunja kwenye mfereji."

Leona alihisi upepo wa mashambani ukimpenya. Akili yake ilimwambia kwamba huo ndio utapeli wenyewe, ndivyo unavyoanza, kwa hadithi. Alishika mkoba vizuri.

"Nionyeshe injini kwanza," alisema.

Ilikuwa ndani ya ghala, juu ya mbao, imefunikwa na vumbi na kinyesi cha njiwa. Baba yake Irma aliing'oa akitarajia kuendeshea mashine ya nafaka, kisha akaisahau. Leona alipiga goti, akafuta uso wa chuma kwa kitambaa, akawasha tochi. Namba ilikuwa ni ile. Alitafuta dalili alizofundishwa na Linwood. Chuma kilichosagwa upya hung'aa na kuteleza. Chuma cha kiwandani huwa na mistari myembamba, kama nywele zilizochanwa. Akaweka kioo. Mistari ilikuwepo, ikipita hata katikati ya tarakimu, na ndani ya tarakimu mlikuwa na kutu ya miaka mingi isiyoweza kutengenezwa na mtu. Alirudia mara ya pili. Alitamani sana iwe ya bandia.

"Lile gari lililokufa," alisema bila kusimama. "Lilikwenda wapi?"

"Halikwenda popote."

Lilikuwa nyuma ya ghala, kati ya plau mbovu na mti wa porini uliokuwa umeota ukapenya dirishani na kutokea upande wa pili. Upande wa mbele ulikuwa umesukumwa mpaka karibu na kioo. Kutu ilikuwa imekula karibu rangi yote, lakini chini ya ukingo wa mlango palibaki kipande cha kijani. Leona alivunja matawi kwa mikono, akaingiza tochi ndani. Panya walikuwa wamemaliza kiti, zimebaki springi na reli. Aliimulika sakafu.

Matundu ya kiwandani yalikuwa wazi, hayana kitu. Mbele yake, upande wa pedali, palikuwa na mengine manne yaliyotobolewa kwa mkono, moja limepinda kidogo kwa sababu mzee yule wa kuchomelea alikohoa wakati akitoboa. Reli zilikuwa zimefungwa hapo.

Leona aliegemea mlango. Irma alimfukuza mbwa na kuja karibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ililainika.

"Ni lako?"

"Ni langu," Leona alisema. "Nani alikuwa analiendesha?"

"Walikuwa vijana wawili, kila mmoja na gari lake, na magari yanafanana kama mapacha. Walikuwa wanashindana barabara hii yetu. Aliyeumia ni yule mrefu mweusi. Mkono ulikuwa umegeuka hivi." Irma alipinda kiwiko kuonyesha. "Mama alimfunga kwa ubao. Alikuwa hajali mkono, alikuwa analia na kusema goti, goti, goti langu lilinasa kwenye usukani. Yule Mzungu mwenzake alirudi siku ya pili na bisibisi, akang'oa kibati cha namba kwenye dashibodi. Akamwomba baba alisage gari lote liwe chuma chakavu. Baba alikuwa hasagi kitu."

Njia nzima ya kurudi Leona hakuwasha redio. Alidhani atalia na hakulia. Alikuwa anapanga. Kila kitu ambacho Rudy na Linwood waliwahi kumwambia, alikisimamisha mbele yake, neno moja moja, kama watuhumiwa kwenye gwaride la utambulisho. Paa la baraza. Injini iliyopasuka. Karata. Na lile la kunenepa.

Alimkuta Linwood gerejini. Alikuwa na ufunguo wake, hilo lilikuwa jambo la kawaida, lakini siku hiyo Leona aliona ufunguo ule ukining'inia kwenye kufuli na ukamkera.

"Umetoka mapema," Linwood alisema. "Nimekuja sikukukuta."

"Nilikwenda sokoni."

"Umenunua nini?"

Leona alichukua spana ya nati kutoka kwenye meza, akaenda mbele ya gari na kuinamia ukuta wa injini. Aliiweka spana kwenye nati ya kwanza ya sanduku la hita.

"Shemeji, hiyo nilikuambia niachie mimi."

Nati ilizunguka bila tabu. Haikuwa na kutu yoyote. Ilikuwa imetiwa grisi.

"Leona, acha."

Aliiweka kwenye meza, akahamia ya pili.

"Renata ameniambia kwamba kuna namba huku nyuma," alisema. "Kiwandani walikuwa wanaigonga hapa mwilini, mahali ambapo mtu hawezi kubadilisha kama kibati. Nikilitoa sanduku hili, Linwood, nitasoma namba gani?"

Linwood akaanza kuitaja. Aliitaja yote, tarakimu baada ya tarakimu, bila kutazama popote, kama mtu anayetaja jina la mama yake.

Leona alisimamisha mkono.

"Ni gari lako," alisema.

"Ni langu."

"Na injini iliyomo ndani?"

"Ndiyo iliyokuja nalo. Na gia, na ekseli. Hakuna kilichobadilishwa humu isipokuwa kibati, shemeji. Umekuwa ukihangaika kutafuta vitu vya asili vya gari ambalo ni la asili tupu."

Leona alikaa juu ya tairi. Linwood alitaka kumsogelea, akamwonyesha kiganja, baki hukohuko.

"Nilimwambia Rudy tubadilishane kidogo tu, nisikie lako linavyovuta," Linwood alisema. "Kile kiti chako kilinibana. Nilipotaka kukata kona goti likanasa. Nimelala kwenye mfereji nawaza jambo moja, Leona ataua mtu. Tulipofika hospitali kukuona, daktari akasema homa yako haijashuka, usisumbuliwe. Rudy akaogopa. Mimi nikasema basi, achukue langu. Nilivunja lako, nililipa kwa langu. Haki ni haki."

"Hiyo ilikuwa haki kwa nani? Nani aliniuliza?"

"Tulitaka kukuambia ukipona."

"Nilipona! Nilipona, Linwood, Renata akaota meno, akaenda shule, akaolewa! Mlikuwa mnangoja nipone nini?"

"Kila mwaka ulivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu. Rudy alisema ukijua utabeba mtoto uondoke."

"Ningeondoka kweli."

"Ndiyo. Alijua."

Leona alinyanyuka. Alisema kitu ambacho Linwood hakukitarajia.

"Aliniambia nimenenepa."

"Shemeji…"

"Usinishemeji! Miaka yote hii nakaa juu ya mto! Nimekula kabichi, Linwood. Nimekula majani kama sungura, nikipima kama mguu utafika. Na wewe ulikuwa unakuja hapa kila Jumapili, unakula nyama ya kuoka, unaniona nasukuma sahani!"

Linwood aliinamisha kichwa. Aliupangusa uso kwa mkono mzima, na Leona alipomwona hivyo akakumbuka Odessa. Alimkumbuka akiwa palepale uani, na bilauri ya limau mkononi, akimwambia kila mgeni jinsi mumewe alivyoweka gari mezani mbele ya wacheza karata. Watu walikuwa wanacheka. Leona mwenyewe alikuwa anacheka, na mara nyingine yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha.

"Odessa alijua?" aliuliza.

"Hapana."

"Amekufa akiamini karata?"

"Rudy alisema ukimwambia mmoja umewaambia wote. Na Odessa alikuwa rafiki yako." Linwood alitazama gari. "Kilichoniuma si maneno yake. Kilichoniuma ni kwamba ilibidi niseme ndiyo, nilicheza karata. Mimi hata kuchanganya karata siwezi."

Leona alimwambia aende kwao. Hakupaza sauti. Linwood alipofika mlangoni, alimwambia aache ufunguo, na Linwood akauweka juu ya meza, kati ya nati mbili zenye grisi.

Wiki nzima hakumpigia simu. Alizunguka nyumba akikagua vitu. Alitoa picha ya Rudy ukutani akaangalia nyuma yake, akajiona mjinga, akairudisha. Alikwenda kaburini na maua, akasimama, akarudi nayo nyumbani. Alimpigia Renata, akamweleza yote, na Renata alicheka mpaka akapaliwa, kisha akasikia kwamba mama yake hacheki.

"Mama, unataka kufanya nini?" Renata aliuliza.

"Nataka kila kitu kiitwe jina lake," Leona alisema. "Basi."

Jumatatu alimfuata Linwood kwake, akapiga honi, hakushuka. Linwood alitoka na kofia mkononi.

"Ingia. Tunakwenda polisi."

"Unanishtaki?"

"Ingia kwanza, utajua."

Kwenye kituo cha polisi wa jimbo, ofisa kijana aliwasikiliza, akawaomba waanze upya, akawasikiliza tena. Alikuwa anawatazama wazee wale wawili kwa zamu kana kwamba mmoja wao amemteka mwenzake.

"Kwa hiyo mama," alisema mwisho, "ni nani hasa aliyehamisha kibati?"

"Marehemu."

"Na gari lililoibiwa ni la nani?"

"Hakuna lililoibiwa. La huyu nimekaa nalo mimi, na langu liko Marlette na mti ndani yake."

Ofisa alikwenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa alikuja na maswali makali zaidi, akataka kuona magari yote mawili, akamtuma mkaguzi kwa Irma Kettler, na majira ya joto yakaenda katika kusubiri. Linwood alikuwa na hakika kwamba atafungwa. Leona alimwambia akifungwa atampelekea kabichi. Lakini namba iliyogongwa mwilini ilisema kama Linwood alivyosema, na matundu yalisema kama Leona alivyosema, na mwisho kila gari likaandikwa jina la mwenyewe.

Kazi waliimalizia pamoja, ingawa ufunguo hakumrudishia. Kila Linwood aliposema kipande ni cha asili, Leona alikitwaa, akakimulika, akatafuta alama ya mwezi, ndipo akakubali. Linwood alivumilia. Vile vilivyotafutwa kwa ajili ya injini ya Marlette walivifunga vizuri kwenye masanduku, kwa sababu Leona alikuwa ameshamlipa Irma, injini pamoja na mabaki, na hakutaka kusikia habari ya kusaga.

Siku ya kwenda kuyachukua, walikwenda na lile gari la kijani. Linwood ndiye aliyeendesha. Kiti kilikuwa nyuma, mahali pake pa kiwandani, na miguu yake mirefu ilinyooka vizuri. Alishika usukani kwa mikono miwili. Mbele yao lilitangulia lori la kuvutia. Leona alikaa upande wa abiria, mahali ambapo katika gari lile hakuwahi kukaa, akitazama mashamba yakipita.

Walipokaribia Lapeer alizima redio.

"Linwood."

"Naam."

"Ule msiba wa mjomba wake Rudy, kule Toledo. Aliokwenda peke yake, akakaa karibu wiki, akarudi ameungua jua. Mjomba yule alikufa kweli?"

Linwood alibadilisha gia.

"Alikufa kweli, Leona. Nilikuwepo, mimi na Rudy tulibeba jeneza."

"Aliniambia alikwenda peke yake."

"Basi… nilimkuta hukohuko."

Leona aligeuka kwenye kiti na kumtazama vizuri.

"Kaburi lake liko wapi?" aliuliza.

Linwood aliangua kicheko, kicheko kikubwa cha tumboni kilichojaza gari zima. Leona hakucheka. Alikuwa anangoja jibu.